Usimwamini Haraka Asomaye kwa Sauti

Nyinyi walimu wachanga mnaoingia madarasa ya wadogo mwaka huu, nawatilia shaka tayari, na msikasirike. Mimi humtilia shaka kila mtu. Nilizaliwa nyuma ya duka la vitambaa pale Litein, na mama yangu, ambaye watu wake walitoka Nyeri na hawakuwa wepesi wa kusifu, alinifundisha biashara kabla sijajua kusoma. Alisema mteja anayesifu kitambaa mno hanunui, na mteja anayekubali bei ya kwanza mtazame mikono. Nilipokwenda chuo cha ualimu niliacha vitambaa, lakini ile shaka nilienda nayo, na imenifaa kuliko cheti.

Nimefundisha kusoma na kuandika katika shule tatu, zote kati ya Litein na Sotik, zote zimezungukwa na majani chai mpaka mlangoni mwa choo. Nimestaafu juzi tu. Watoto wangu wengi walikuwa Wakipsigis, wachache Wakisii wa upande wa mpakani, na wengine Wakikuyu kama mimi, watoto wa wenye maduka. Mtoto ana lugha ya nyumbani, ya sokoni na ya kanisani, halafu mwalimu anafungua kitabu cha Kiingereza na kuuliza kwa nini darasa limenyamaza.

Nianze na jambo la kwanza la kushuku. Ukiuliza "Mmeelewa?" darasa zima litaitikia "Ndiyooo, mwalimu." Hilo jibu usilinunue. Ningeweza kusoma maandishi ya gunia la mbolea, nikauliza kama wameelewa, na wangeitikia vilevile kwa sauti tamu. Watoto wanaitikia sauti yako ilivyopanda mwishoni, si ulichosema.

Jambo la pili ni picha. Mtoto anatazama picha ya ng'ombe, anasema "ng'ombe anakula nyasi," nawe unamwandikia kwamba amesoma. Weka kiganja chako juu ya picha. Nimefunika picha maisha yangu yote, na nimeona wasomaji hodari wakipotea mara moja kama moshi wa jikoni. Siku hizi mna vishikwambi vinavyomsomea mtoto neno akiligusa tu. Sisemi ni vibaya, nasema mtafute mahali pa kuweka kiganja.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mwalimu Rono, mzee aliyekuwa na darasa lililopakana na langu katika shule ya kwanza. Alivaa koti la mvua hata jua likiwaka, kwa sababu hakuliamini jua la Kericho. Mwanzoni mimi nilijiona mjanja sana. Kipsigis nilikijua tangu utotoni, kwa kuuza dukani, kwa hiyo kila sentensi ya Kiswahili niliyosoma niliitafsiri papo hapo. Watoto walifurahi, nami nikajisifu. Mwalimu Rono alichungulia dirishani kwa muda, kisha akaniita nje.

"Madam, hawa watoto umewaangalia macho?"

"Wananisikiliza vizuri sana."

"Ukisoma Kiswahili wanaangalia inzi. Ukianza Kipsigis wanarudi. Wanajua itakuja tu. Sasa wajisumbue ya nini?"

Niliudhika, kisha kesho yake nikawatazama. Alisema kweli. Walikuwa wanalala kwenye Kiswahili na kuamka kwenye Kipsigis, bila hata kupiga miayo. Tangu siku hiyo nilizipa lugha kazi tofauti. Tunasoma hadithi kwa Kiswahili, kimya, kila mtu na macho yake. Kisha wanajadiliana wawili wawili kwa lugha ya nyumbani: nani alikosea, kwa nini alikimbia, wewe ungefanyaje. Kisha wanaandika kwa Kiswahili. Mtoto asiyeelewa hana pa kujificha, na anayeelewa hanyimwi mdomo. Kiingereza kilipofika, kilifuata njia hiyohiyo.

Wazazi hawakupenda. Msidhani watawapenda nanyi. Katika mkutano mmoja wa wazazi baba mmoja alisimama, kofia mkononi, akaninyooshea kidole kwa adabu, kama adabu hiyo inawezekana.

"Madam, wewe ni Mkikuyu. Watoto yako uliwasomesha na Kiingereza. Sasa hii yetu unataka wasome na Kipsigis ndio wabaki hapa kuchuma majani?"

Huku kwetu tuna sababu zetu za kuchunguzana, na kuna miaka ya uchaguzi sababu hizo zimetoa moshi. Nilimwambia ana haki ya kunishuku. Ningekuwa yeye, nami ningejishuku. Nikamwambia pia kwamba mtoto akishajua kusoma kwa lugha anayoielewa, hajifunzi kusoma mara ya pili. Anajifunza maneno mapya tu.

"Tutaona," akasema, akakaa.

Na kweli alikuja kuona. Kila muhula alifika darasani kukagua kazi za mwanawe kama mtu anayekagua ua baada ya ng'ombe kutoroka. Alinisumbua mno, na katika miaka yangu yote sijapata mzazi mwingine aliyefuatilia kazi ya mtoto namna ile. Mzazi anayekushuku walau anakuja. Anayekuamini hutamwona mpaka siku ya kufunga shule.

Sasa niwasimulie habari ya Chelangat, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika haya.

Alikuja kwetu katika Gredi ya Tatu kutoka upande wa Soin, baada ya mama yake kwenda kutafuta kazi mbali, akaishi na nyanya yake jirani na shule. Hakusema neno. Sisemi aibu ya wiki ya kwanza. Muhula mzima mtoto huyu hakufungua kinywa darasani. Kitabu akikishika anakitazama, ukimwambia asome anakutazama wewe. Uwanjani alicheza, alicheka, lakini mwalimu akikaribia midomo inafungwa.

Niliuliza habari za shule aliyotoka, nikaambiwa kule walikuwa bado na diski. Wengine wenu hamjaiona. Ni kibao kinachofungwa kamba. Mtoto akikamatwa anasema lugha ya mama anavishwa shingoni, na ili akivue lazima amnase mwenzake akisema, amvishe yeye. Jioni anayepatikana nacho anaadhibiwa. Hapo watoto hujifunza upelelezi vizuri kuliko Kiingereza. Mwenzako anakukanyaga makusudi ili ulie kwa Kipsigis. Chelangat, kwa akili zake, aliona kinywa ndicho kinachomletea taabu, akakifunga.

Hayo nilikuwa nayashuku tu, sikuwa na hakika. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Bett, hakuwa na muda wa shaka zangu.

"Madam, hii mtoto haisomi, haiongei, haiandiki ukisimama karibu. Tumsaidie. Kuna kitengo maalum, iko na bweni."

Kitengo hicho, cha watoto wenye ulemavu wa kujifunza, kilikuwa mbali, kaunti nyingine. Msinielewe vibaya: kwa mtoto anayekihitaji ni baraka, na nimewapeleka wengine kwa mikono yangu. Lakini kwa mtoto asiyekihitaji ni kung'olewa. Nyanya yake alikuja shuleni akivuta mguu uliovimba, akakataa kiti, akaniambia kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mwalimu, hii mtoto iko na kichwa. Yeye ndio ananisomea dawa. Hii ya asubuhi, hii ya jioni, hii kula kwanza. Akienda, mimi nitakunywa nini na nini?"

Nilimwonea huruma, lakini nyanya anayempenda mjukuu ni shahidi dhaifu. Huenda mtoto alijua dawa kwa rangi. Nikarudi darasani kuchunguza.

Kando ya Chelangat alikaa Kemunto, msichana wa Kisii aliyetoka akademi moja ya mjini. Kemunto alisoma kwa sauti kama redio. Kiingereza, Kiswahili, chochote, bila kukwama, na maswali aliyajibu sawasawa. Wageni wakija, Mwalimu Bett alimwita yeye kwanza. Mimi nilimtazama Kemunto kama mama alivyomtazama mteja anayekubali bei ya kwanza.

Kisha ikaja siku ya mvua kubwa, Chelangat hakufika. Kemunto alisoma hadithi ya mbuzi aliyekula mbegu za jirani, vizuri ajabu. Nikamuuliza mbuzi alifanya nini. Akafikiri, akasema, "Mbuzi alikuwa mzuri." Nikamuuliza jirani alikasirika kwa nini. "Kwa sababu alikuwa jirani."

Kesho yake Chelangat alirudi. Niliwapa hadithi nyingine, nikaenda nyuma ya darasa nikajifanya nasahihisha. Kemunto alisoma kwa sauti ya chini. Chelangat alifuata kwa kidole, na kila aya ilipoisha aliinama sikioni mwa mwenzake akanong'ona. Kwa Kipsigis, ambacho Kemunto alikijua vyema kutokana na kucheza. Nikasikia kwa masikio yangu: "Huyu mwanamke anadanganya, ndoo haikuvunjwa na mtoto." Hilo la kudanganya halikuandikwa popote katika hadithi. Lilihitaji mtu aelewe.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mnajua jinsi majirani wa huku wanavyochuma majani msimu yakizidi: leo wote kwako, kesho wote kwangu, hakuna kulipana. Hawa wawili walikuwa wameihamishia desturi hiyo darasani. Kemunto alitoa sauti, Chelangat alitoa maana, na kwa pamoja wakawa mwanafunzi mmoja mzima. Mimi nilikuwa nikiwapima nusu nusu, na ile nusu yenye kelele ndiyo niliyoipa alama.

Sikuwatenganisha. Nataka mlishike hilo, maana mkono utawawasha kuwatenganisha. Nilichofanya ni kuanzisha amri za kimya. Unaandika kwenye kipande cha karatasi: "Nenda ugonge dirisha la nyuma, kisha urudi na chaki." Mtoto anasoma kimya, hasemi lolote, anatenda. Akienda mlangoni badala ya dirishani, umejua. Kemunto alienda mlangoni siku nyingi sana, maskini, tukaanza kumjenga upya kwa hadithi fupi za Ekegusii, lugha ya nyumbani kwao, ambazo mama yake alinirekodia kwa simu. Chelangat hakukosea hata mara moja.

Nilikimbia kwa Mwalimu Bett. Akasema nimechelewa, mtathmini wa kumpima mtoto anakuja, na nyanya ameshaambiwa aje na nguo za mtoto siku hiyo, kama itaamuliwa aondoke.

Mtathmini alikuwa kijana nadhifu wa kutoka mbali, Kipsigis hakujua hata salamu. Tuliketi ofisini: Mwalimu Bett kwenye kiti chake kikubwa chenye mikono, mimi kwenye benchi la wanafunzi, kijana mezani na simu yake ya kuhesabu dakika. Nje, kwenye benchi karibu na geti, nilimwona nyanya amekaa na mfuko wa nguo mapajani.

Kwanza aliwapima wenzake kadhaa, apate kulinganisha. Kemunto akatiririka Kiingereza mpaka dakika ikaisha. Akaulizwa swali, naye akarudia sentensi ya mwisho ya hadithi kwa sauti nzuri. Kijana akatia tiki. Nikauma ulimi.

Kisha akaitwa Chelangat. Akapewa hadithi ya watoto waliokwenda ufuoni kuogelea. Dakika ikapita, midomo imefungwa. Akapewa ya Kiswahili, vivyo hivyo. Kijana akachukua kalamu.

"Mpe nafasi ajibu na Kipsigis," nikasema. "Asome kimya, halafu aeleze."

"Na nani atanitafsiria, madam?"

"Mimi."

"Wewe ni mwalimu wake. Nitajuaje hujaongeza chumvi?"

Hapo sikuweza kumkasirikia. Lilikuwa swali langu mwenyewe, limevaa suruali iliyopigwa pasi. Mwalimu Bett akasema yeye asiingizwe. Basi nikamweleza kijana amri za kimya: aandike yeye, kwa Kiswahili, nisione mimi, mtoto asiseme, atende tu.

Akanitazama kwa macho membamba. "Si umeshamzoesha? Mlango, dirisha, chaki?"

"Basi andika kitu ambacho sijawahi kuandika."

Alifikiri, akaandika mstari mmoja, akaukunja, akampa Chelangat. Mtoto akaufungua, akasoma. Hakusogea. Aliinua macho, akayashusha tena kwenye karatasi. Mkono mmoja ukashika sketi. Nami sikujua kilichoandikwa. Niwaambieni ukweli, niliogopa. Nilijiambia labda nyanya alikosea, labda nilisikia nilichotaka kusikia pale nyuma ya darasa, labda amri zangu zote alizisoma usoni mwangu na si kwenye karatasi. Mtu aliyezoea kushuku watu, siku moja hujigeukia mwenyewe.

"Basi," akasema kijana kwa upole. Na alikuwa mpole kweli, hilo ndilo lililoniuma. "Mmeona wenyewe."

Akavuta karatasi zake. Chelangat akaiona ile kalamu. Akaenda polepole, hatua ndogo ndogo, mpaka mbele ya magoti ya Mwalimu Bett, akasimama hapo ameinamisha kichwa.

"Unataka nini?" Mwalimu Bett akamuuliza, na kwa sababu alishtuka, aliuliza kwa Kipsigis.

Mtoto akafungua kinywa. Sauti ilikuwa nzito kidogo, ya mtu aliyetoka usingizini. Akasema kwa Kipsigis, "Mwalimu, mgeni ameandika nikae kwenye kiti chako. Nyumbani hatukai kwenye kiti cha mzee. Nifanyeje?"

Kijana akageuka kwangu haraka. "Amesema nini?"

"Mimi nimekatazwa kutafsiri," nikamjibu. Mungu anisamehe, nililifurahia.

Mwalimu Bett aliutazama uso wa mtoto, akamtazama kijana, kisha akashika mikono ya kiti na kuinuka, mzima mzima, na tumbo lake, na funguo zake zikilia mfukoni. Akasogea kando, akasimama ukutani kama mwanafunzi aliyechelewa. Chelangat akakifuta kiti kwa mkono wa sweta yake, akakaa kwenye ncha kabisa. Miguu haikufika chini.

Kijana alikuwa ameacha kalamu juu ya meza, na simu yake iliendelea kuhesabu dakika.

"Haya, inuka sasa," Mwalimu Bett akamwambia mtoto, kwa Kiswahili, akijaribu kuokoa heshima ya ofisi.

Chelangat hakuinuka. Hakuwa mkaidi. Alimtazama mgeni na kunyoosha kiganja, akingoja karatasi nyingine, kwa kuwa ndivyo mchezo ulivyoanza, na yeye alikuwa mtoto wa kufuata utaratibu.

Kijana akachukua kalamu. Safari hii alichukua muda. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Nilijaribu kuchungulia, akaziba kwa mkono wake kama mtoto anayezuia kuigwa. Akaikunja, akampa.

Chelangat aliisoma. Akamtazama kuhakikisha. Akaisoma tena, kwa kidole. Kisha akashuka kitini, akatoka na karatasi yake mkononi bila kuaga mtu, nami nikamfuata mpaka mlangoni, kwa maana hata hapo sikuwa nimeamini. Hakuelekea getini. Nyanya yake aliinuka nusu pale kwenye benchi, mfuko ameushika mapajani, akimtazama mjukuu akipita mbio kando ya ua wa majani, akikunja kona ya mnara wa tangi la maji, akiingia katika mlango wa Gredi ya Tatu. Kupitia dirishani nikamwona akimsogeza Kemunto kwa kiwiko na kukaa mahali pake mwenyewe, palepale pa siku zote. Ndipo nilipojua kilichoandikwa.